Maswali na majibu: Windows 9 ilienda wapi, na vituko vingine vya majina ya mifumo endeshi

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: kwa nini majina ya mifumo endeshi, zile programu kuu zinazoendesha kompyuta na simu, hayatulii? Leo ni namba, kesho mnyama, keshokutwa mwaka, na herufi kubwa zinahamahama. Zilizofanana nimeziunganisha. Zilizouliza mfumo upi ni bora nimeziweka kando, ugomvi huo una wenyewe.

Nilitumia Windows 7, nikaenda 8, kisha ghafla naambiwa kuna 10. Hiyo 9 ilienda wapi?

Haikuwahi kutoka. Septemba 2014 Microsoft ilitangaza Windows 10 moja kwa moja, na maelezo ya siku hiyo yalikuwa ya kibiashara tu: mfumo huu ni mpya kwa namna yake, 9 isingeutosha. Wengi hawakuridhika, nami ni mmoja wao.

Ndipo ikasambaa hadithi ambayo huenda umeisikia. Inasema kuna programu nyingi za zamani ambazo, zikitaka kujua kama ziko kwenye Windows 95 au 98, huuliza swali la mkato: je, jina la mfumo linaanza na "Windows 9"? Kama toleo jipya lingeitwa hivyo, programu hizo zingejiona zimerudi karne iliyopita. Microsoft haijawahi kuithibitisha, kwa hiyo usiiape. Lakini mistari ya aina hiyo ipo kweli. Katika programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, ambako mfumo hujitaja kwa jina, waandishi wengi waliuliza hivyo hivyo, na baada ya tangazo watu waliifukua mistari hiyo kwa wingi kutoka kwenye programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa wote.

Naiona hadithi hiyo inaaminika kwa sababu mkasa wa kufanana nayo ulishatokea. Kabla ya Windows 95, toleo lililoenea lilikuwa 3.1, ambalo ndani huhesabiwa 3.10. Programu zilizohitaji toleo hilo au la juu zaidi zilipaswa kuikagua namba, na baadhi ya waandishi walikagua ovyo: namba ya kwanza iwe 3 au zaidi, na namba ya pili iwe 10 au zaidi. Sasa ikaja Windows 95, ambayo kwa ndani ni 4.0. Ipitishe kwenye kipimo hicho. Nne inapita. Sifuri inakwama. Programu inagoma na kumwambia mwenye kompyuta mpya kabisa kwamba mfumo wake ni wa zamani mno.

Microsoft isingeweza kwenda nyumba kwa nyumba kurekebisha programu za watu wengine, basi ikachagua kudanganya. Programu za biti 16, yaani za kizazi cha Windows 3.1, zilipouliza, Windows 95 ilijibu kwamba yenyewe ni 3.95. Tatu inapita, 95 inapita, kazi inaendelea.

Shika mfano huo, kwa sababu majibu mengi hapa chini yanaurudia. Mfumo endeshi una jina la nje, ambalo ni mali ya watu wa masoko, na namba ya ndani, ambayo kwa hakika ni mateka wa programu za zamani. Jina la nje hubadilishwa kwa mbwembwe na taa za jukwaani. Namba ya ndani huguswa kwa hofu, na ikiguswa, mara nyingi mfumo hulazimika kusema uongo mahali fulani.

Kompyuta yangu nimeuziwa kama Windows 11, lakini nikiandika amri ya "ver" inanijibu 10.0. Nimetapeliwa?

Hapana, tulia. Tazama sehemu ya tatu ya namba hiyo. Ikiwa ni 22000 au zaidi, una Windows 11 halali. Toleo la Oktoba 2021 lilianzia hapo hapo: 10.0.22000. Kwa nje 11, kwa ndani bado 10.

Ukifuatilia nyuma utacheka. Vista ni 6.0. Windows 7 si 7, ni 6.1. Windows 8 ni 6.2, na 8.1 ni 6.3. Waliogopa kuitoa ile sita kwa sababu walipotoka 5.1 ya XP kuingia 6.0 ya Vista, programu nyingi zilizokagua namba ya kwanza pekee zilikwama, na lawama zote zikamwangukia Vista. Windows 10 yenyewe, ilipotolewa kwa majaribio, ilijitaja kuwa 6.4. Baadaye wakakata shauri wakairusha hadi 10.0, na kwa muda jina la nje na la ndani vikalingana. Raha hiyo iliisha 2021.

Hata huo ukoo wa NT ambao Windows zote za leo zinatoka, ulianza kwa namba ya kuazima. Toleo lake la kwanza kabisa, la 1993, liliitwa Windows NT 3.1. Hakukuwa na NT 1 wala NT 2. Walitaka tu ionekane rika moja na Windows 3.1 iliyokuwa tayari kwenye meza za watu.

Na usishangae ukisoma kumbukumbu za seva yako ukakuta wageni wote wanatumia "Windows NT 10.0". Vivinjari vimeganda hapo, mtumiaji awe na 10 au 11.

Naandika makala za teknolojia. Mhariri wangu hubadilisha "Mac OS X" kuwa "macOS" kila mahali, hata ninapozungumzia mwaka 2003. Nani yuko sahihi?

Wewe. Mhariri wako ana nia njema lakini anaiharibu historia. Mwaka 2003 hakukuwa na kitu kinachoitwa macOS. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: toleo liitwe kwa jina lililokuwa nalo lilipotoka, na mfumo kwa ujumla wake uitwe kwa jina la leo. Kwa hiyo "macOS ilianza kuuzwa kwa jina la Mac OS X mwaka 2001" ni sentensi safi. "macOS 10.3 ya 2003" si safi.

Mpe mhariri mfuatano huu aubandike ukutani. Kompyuta ya Macintosh ilipotoka 1984, mfumo wake haukuwa na jina la maana. Uliitwa System, na namba. Mfumo ulikuwa sehemu ya mashine, nani angeuita kwa jina lake? Haja ya jina ilikuja pale Apple ilipoanza kuwapa kampuni nyingine leseni ya kutengeneza kompyuta zinazotumia mfumo huo, katikati ya miaka ya 1990. Sasa mfumo ukawa bidhaa inayosimama peke yake, na Januari 1997 toleo la 7.6 likatoka rasmi kwa jina Mac OS, maneno mawili, yenye nafasi katikati.

Miezi michache baadaye Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikuwa amerudi, na hakuzipenda leseni zile. Toleo lililokuwa likitengenezwa kama 7.7 likatolewa Julai 1997 kwa jina Mac OS 8. Kuruka huko hakukuwa urembo. Leseni za wenzao zilihusu mfumo wa saba. Kwa kuliita toleo jipya la nane, Apple ikajinasua. Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote katika mada hii: namba moja kwenye boksi, na biashara za watu zikafungwa.

Machi 2001 ikaja Mac OS X. Hiyo X ni kumi ya Kirumi, na Apple walitaka isomwe kumi, ingawa nusu ya dunia iliisoma kama herufi. Mwanzo namba ilikuwa 10.0, na ile kumi ikakaa kwa karibu miaka ishirini, hadi 10.15. Katikati ya safari hiyo neno Mac likadondoshwa: toleo la 2012, Mountain Lion, liliuzwa kama OS X tu. Juni 2016 wakageuka tena na kuliita macOS, m ndogo, hakuna nafasi, ili lifanane na ndugu zake wa simu, saa na televisheni: iOS, watchOS na tvOS. Toleo la 2020, Big Sur, likavuka hatimaye kwenda 11.

Sasa angalia kilichotokea kwa ndani. Programu zilizotengenezwa kwa zana za zamani zilipoiuliza Big Sur "wewe ni toleo gani?", ilizijibu 10.16. Namba hiyo haikuwahi kuuzwa popote. Ni 3.95 nyingine, robo karne baadaye na kwa kampuni nyingine. Safari na Chrome nazo, kwenye Mac mpya kabisa, bado huziambia tovuti kwamba ziko kwenye 10_15_7.

Kuhusu wale wanyama: toleo la kwanza kutangazwa kwa jina la paka mkubwa lilikuwa Jaguar, 10.2, mwaka 2002. Wakaendelea hadi 2012, na mwaka uliofuata wakahamia majina ya sehemu za California, kuanzia Mavericks. Craig Federighi wa Apple alitania jukwaani kwamba paka wameisha na nusura waite Sea Lion.

Nikianza sentensi na iOS, niandike IOS, Ios, au niiache ilivyo?

Iache ilivyo, au afadhali upange sentensi isianzie hapo: "Mfumo wa iOS ulibadilika..." Ukiandika IOS kwa herufi kubwa zote umetaja kitu kingine kabisa, mfumo wa vifaa vya mtandao vya Cisco, ambao ulikuwapo miaka mingi kabla ya iPhone. Jina hilo ni alama ya biashara ya Cisco, na Apple hulitumia kwa makubaliano.

Na lenyewe halikuwa jina la kwanza. Jobs alipoionyesha iPhone Januari 2007 alisema inatumia OS X, basi. Mwaka uliofuata mfumo ukaitwa iPhone OS. Ila 2010 iPad ikaingia sokoni ikitumia mfumo uleule, na kibao kinachoendeshwa na "mfumo wa iPhone" kilikuwa kichekesho. Juni mwaka huo likawa iOS. Mwaka 2019 iPad ikapewa lake, iPadOS.

Kwa majina yenye herufi za vituko, ushauri wangu ni kuheshimu herufi ndogo na kubwa zilizo ndani ya jina, lakini kupuuza ujanja wa nembo. Rangi, nukta za mapambo, herufi iliyoinamishwa, hayo ni ya mchoraji, hayakuhusu. Vinginevyo utakesha. Waliokuwa wakiandika kuhusu mfumo wa kampuni ya NeXT miaka ya 1980 na 1990 walikesha kweli: mfumo huohuo uliandikwa NextStep, NeXTstep, NeXTSTEP na NEXTSTEP, kutegemea mwaka na nani ameshika kalamu. Ile e ndogo katika jina la kampuni ilitoka kwenye nembo iliyochorwa na Paul Rand mwaka 1986 kwa dola 100,000.

Jambo la kupendeza ni kwamba jina hilo, lililokosa kutulia kwa nje, kwa ndani lilipiga kambi. Apple iliinunua NeXT na kuufanya mfumo wake msingi wa Mac OS X, na hadi leo mwandishi wa programu za Mac anapotaka dirisha huandika NSWindow, na akitaka maneno huandika NSString. Hiyo NS ni kifupi cha NeXTSTEP. Jina limekufa dukani, lakini linaandikwa na kusomwa kila siku ya Mungu.

Ni UNIX au Unix? Mwalimu wetu hukata alama tukikosea.

Mwambie mwalimu wako, kwa adabu, kwamba hata waliouunda walibishana.

Mfumo ulizaliwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1969, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na jina lilianza kama Unics, mzaha juu ya Multics, mradi mkubwa uliokuwa umewachosha. Mzaha huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwenzao Brian Kernighan. Si ufupisho wa maneno kama IBM au AIX, kwa hiyo hakuna sababu ya herufi kubwa. Basi zilitoka wapi? Ritchie alieleza kwamba walikuwa wamepata mashine mpya ya kupanga chapa, nayo iliweza kutoa herufi kubwa zilizopunguzwa kimo, wakalewa na uwezo huo. Baadaye alijaribu kurudisha "Unix" katika baadhi ya maandiko yake, akazidiwa nguvu.

Leo kuna mgawanyo unaosaidia. UNIX kwa herufi kubwa ni alama ya biashara ya shirika la The Open Group, na hutolewa kwa mfumo uliofaulu majaribio yao. Mac OS X ilipata cheti hicho kwa toleo la Leopard la 2007. Unix kwa herufi ya kwanza kubwa hutumika kwa ukoo mzima na tabia zake. Ukiwa unaandika mtihani, andika anavyotaka mwalimu. Alama ni zako, ubishi ni wa wenye muda.

Android iliacha kutumia majina ya vitamutamu kwa sababu herufi ziliisha?

Herufi zilikuwapo. Walianza na C, Cupcake, toleo la 1.5 la Aprili 2009, wakashuka kwenye alfabeti hadi P, Pie, toleo la 9 la 2018. Q ingekuwa ngumu, ndiyo, lakini sababu waliyoitoa Agosti 2019 ilikuwa nyingine: majina hayaeleweki sawasawa duniani kote. Kuna lugha ambazo masikio ya wasemaji hayatofautishi L na R, kwa hiyo Lollipop ikitajwa kwa sauti haijulikani ni toleo lipi. Kuna mahali ambapo pie si kitu kitamu cha kumalizia mlo. Na mtu aliyenunua simu yake ya kwanza hana njia ya kujua kama Marshmallow ni mpya kuliko KitKat. Android 10 haihitaji maelezo.

KitKat nayo ina kisa chake. Timu ya ndani ilikuwa imelizoea toleo la 4.4 kwa jina la Key Lime Pie, na mwaka 2013 likatoka kwa jina la chokoleti ya kampuni nyingine, kwa makubaliano na Nestlé.

Lakini ukidhani majina matamu yamekufa, muulize mwandishi wa programu. Ndani ya zana zao Android 13 ni TIRAMISU, 14 ni UPSIDE_DOWN_CAKE, 15 ni VANILLA_ICE_CREAM. Kwa 16 walirudi mwanzoni mwa alfabeti, wakaiita BAKLAVA. Chini yake kuna namba nyingine ambayo mnunuzi haioni kabisa, ngazi ya API, inayoiambia programu mfumo unaweza kuifanyia nini: Android 10 ni 29, Android 15 ni 35. Programu hutazama hiyo. Haijali keki wala kumi.

Na maandishi ya nembo? Kwa miaka mingi yalikuwa android, a ndogo. Mwaka 2019 yaliacha rangi ya kijani na kuwa meusi, kwa sababu kijani kile kilikuwa kigumu kusomeka, hasa kwa wenye uoni hafifu. Septemba 2023 a ikawa A, kwa maelezo kwamba herufi kubwa hulipa jina uzito zaidi likiwekwa kando ya nembo ya Google. Katika maandishi ya kawaida tuliandika Android siku zote, kwa hiyo safari hii ni nembo iliyotufuata sisi.

Toleo jipya la Linux linapovuka kutoka 5 kwenda 6, kuna nini kikubwa kilichobadilika?

Hakuna. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, husema wazi kwamba namba ya kwanza hubadilika pale ya pili inapokuwa kubwa kiasi cha kumchosha, na hutania kwamba vidole vya mikono na miguu vimemwishia. Baada ya 3.19 ikaja 4.0, baada ya 4.20 ikaja 5.0, baada ya 5.19 ikaja 6.0 mwaka 2022.

Kuvuka kulikoleta kasheshe ni kule kwa 2011, kutoka 2.6.39 kwenda 3.0. Mfumo ulikuwa umekaa kwenye 2.6 tangu mwishoni mwa 2003, na programu zikawa zimezoea kwamba jina huanza na "2.6", nukta, kisha namba. Kwa ajili ya hizo, kiini cha Linux kilipewa hali maalumu inayoitwa UNAME26. Ukiiwasha, 3.0 hujitambulisha kama 2.6.40, 3.1 kama 2.6.41, na kuendelea. Uongo wa tatu katika safu hii, na huu angalau una jina lake rasmi.

Jina Linux lenyewe, Torvalds hakulichagua kwanza. Alitaka Freax. Ari Lemmke, aliyempa nafasi kwenye seva mwaka 1991, hakulipenda, akaliita folda "linux" bila kugombana na mtu.

Je, namba ya toleo inaweza kurudi nyuma?

Imewahi. Jina la SUSE, mmoja wa mifumo iliyojengwa juu ya Linux, lilianza 1992 Ujerumani kama S.u.S.E., kwa nukta zote hizo, kifupi cha maneno ya Kijerumani. Nukta zikaanguka, ikawa SuSE. Kisha u ikakua, ikawa SUSE. Mradi wa jumuiya ukaitwa openSUSE, kama vile herufi ndogo zilizofukuzwa mlangoni zimerudi dirishani.

Toleo la kwanza la mfumo wao wenyewe, la 1996, halikuwa 1.0. Lilikuwa 4.2, kwa heshima ya 42, namba inayopendwa na wasomaji wa hadithi za sayansi. Mwaka 2015 openSUSE ilirudia mzaha huo kwa kuliita toleo jipya Leap 42.1. Likafuata 42.2, likafuata 42.3. Mwaka 2018 wakataka Leap ilingane na bidhaa ya biashara iliyokuwa inaingia toleo la 15, basi baada ya 42.3 ikaja Leap 15. Fikiria skripti ya msimamizi wa seva inayosema "sakinisha kama toleo ni kubwa kuliko 42". Mzaha mzuri una gharama.

Wengine wa ukoo wa Linux huruka mbele bila aibu. Slackware mwaka 1999 ilitoka 4 hadi 7, na mwenye mradi, Patrick Volkerding, hakuficha kwamba wenzake walikuwa wanapandisha namba na watu wakidhani yeye ameachwa nyuma. Debian nayo haina 1.0: muuza CD mmoja alisambaza toleo ambalo halijakamilika akiliita 1.0, mradi ukaona afadhali uanze na 1.1 kuliko kumfafanulia kila mtu.

Hizi alama za mkwaju katika OS/2 na z/OS ni za nini?

Ni saini ya kampuni ya IBM. Zilianza na OS/360, mfumo wa kompyuta za System/360 zilizotangazwa 1964. 360 ni nyuzi za duara, yaani mashine ya kazi za kila upande. Ukoo huo ukazaa OS/390, kisha z/OS. OS/2 ya 1987 ililetwa kuambatana na kompyuta za PS/2.

Anayenisikitisha ni OS/400, mfumo mwingine wa IBM. Mwaka 2004 ikaitwa i5/OS, na 2008 ikaitwa IBM i. Herufi moja. Jaribu kuitafuta mtandaoni ukiwa na tatizo lako la usiku wa manane, uone utakavyoipata.

Kwa nini Apple iliruka hadi 26? Na kutumia mwaka si bora kuliko namba?

Juni 2025 iOS ilikuwa 18, macOS 15, watchOS 11 na visionOS 2. Mtu mwenye simu, saa na kompyuta za kampuni moja alihitaji daftari. Wakavipeleka vyote 26, ambao ni mwaka wa mbele wa toleo lililotoka 2025, kama watengenezaji wa magari wanavyofanya.

Mwaka una faida na sumu. Windows 95 ilisikika kama kesho yake yenyewe ilipotoka Agosti 1995. Kufikia 1997 jina lilikuwa linaitangaza uzee wake kwa kila anayewasha kompyuta. Pia mwaka hukufunga kwenye kalenda. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, hutumia mwaka na mwezi, na toleo la Aprili 2006 lilipochelewa hadi Juni, 6.04 iliyosubiriwa ikabidi itoke kama 6.06. Ucheleweshaji ambao kwa wengine husahaulika, wao wameuandika kwenye jina milele. Binafsi napenda uaminifu huo.

Mimi ni fundi. Wateja hunipigia wakisema "nina ile mpya". Niwaulize nini?

Usiwaulize jina, waulize namba, na uwaongoze mahali ilipo. Kwenye Windows, wabonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, waandike winver, wakusomee mstari wenye tarakimu tano, si maneno makubwa ya juu. Kwenye Mac, menyu ya tufaha kushoto juu, mstari wa kwanza. Wakishaiona namba ya toleo waibofye, na herufi na tarakimu zitakazotokea kwenye mabano ndizo unazozitaka. Kwenye Android, mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android. Hapo waambie wasiguse namba hiyo mara nyingi kwa haraka, itafungua mchezo uliofichwa na mteja hatakusikiliza tena.